Chukudu ya Dhahabu na Chukudu ya Mbao

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye rompwe ya Chukudu hapa Goma, unaweza kuhesabu chukudu za namna mbili. Ya kwanza ni moja tu. Imepakwa rangi ya dhahabu, inasimama juu ya msingi wake, na mwanaume anayeisukuma hachoki hata siku moja. Za namna ya pili ni nyingi. Ni za mbao, zimebeba makala, viazi na mashu, zinashuka kutoka upande wa Kibumba, na vijana wenye jasho wanapiga kelele: "Pisha! Pisha!" juu motari hawasikii na wenye magari makubwa hawataki kusikia. Zinazunguka ile sanamu bila kuitazama. Kisha zinaingia Birere ao soko la Virunga, na mji unaanza kula.

Zamani nilikuwa najisifu mbele ya wageni: "Mwone, sisi tumejengea mfanyakazi sanamu, hatukujengea jenerali." Na kusema kweli, nia ilikuwa nzuri. Miji mingi imeweka wakubwa juu ya mawe, Goma ikaweka kijana wa mizigo. Lakini leo ninataka kuikosoa ile sanamu, na zaidi ya sanamu, nikosoe namna ya kufikiri inayorudi kila mara tunapoambiwa kwamba katikati ya mji "itafufuliwa". Ninawaandikia wandugu wa umoja wetu wa wahitimu juu kati yetu kuna maenjinia, wanasheria na wachumi, na wengine wanakaa kwenye mabiro ambamo mambo haya yanasainiwa.

Tuanze na sanamu yenyewe. Iko juu, na iko katikati ya rompwe. Ukitaka kuiona vizuri, inaomba uwe ndani ya gari unayoizunguka. Mtu wa miguu anaiona kwa haraka, roho mkononi, akiogopa kugongwa. Chini yake hakuna pahali pa chukudu kusimama, hakuna pahali pa kushusha mzigo, hakuna bomba ambapo msukumaji anaweza kunywa maji. Barabarani hakuna mstari hata mmoja uliochorwa kwa ajili yake. Gari lina njia yake, mtu wa miguu ameachiwa kile kilichobaki, na chukudu inajitafutia kati ya hao wawili. Kazi inayoheshimiwa pale juu haina nafasi pale chini. Siku moja nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa anapumzika pembeni, mzigo wake wa makala umefungwa kwa kamba za mpira: "Mwanangu, ile sanamu unaionaje?" Akacheka: "Papa, ile ya dhahabu haijaombwa tiketi hata siku moja."

Ninaona maneno ya yule kijana kama ukosoaji mzuri kuliko wangu. Anasema kwamba sanamu ile inamsifu mtu ambaye mji haumtambui. Na ukishaona hilo kwenye rompwe moja, utaliona pia kwenye michoro inayotuonyesha Goma ya kesho: barabara pana, taa, miti, etaji za vioo, magari machache yanayong'aa. Tafuta ndani ya mchoro mama anayeuza sombe. Tafuta kambista na meza yake ndogo. Tafuta fundi wa viatu. Hawako. Mchoraji amefufua katikati ya mji kwa kuondoa watu wanaoifanya iwe hai.

Mtu ataniambia: "Unatuletea maneno ya uruma tu." Hapana. Ninaleta historia, na historia hii wengi wetu tuliiona kwa macho.

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto wa volkano ulishuka mpaka ndani ya mji, ukafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya maduka, ukaenda kuzimika ndani ya ziwa. Kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu likaungua. Pahali pengine mawe yalipanda mita mbili, hata nyumba za etaji zikabaki nusu, chumba cha chini kikawa kaburi na dirisha la juu likawa mlango. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Siku chache nyuma yake kituo kimoja cha mafuta kikalipuka na kuua watu wengi. Mji wakati ule haukuwa hii Goma ya leo ya watu zaidi ya milioni moja. Ulikuwa mji mdogo zaidi, wa watu mamia ya maelfu tu, na katikati yake, pale tunaposema "ku ville", ilikuwa karibu imekwisha.

Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Kukawa mazungumzo ya wakubwa: mji uhamishwe, watu wapewe pahali pengine, pa usalama. Wataalamu walikuwa na sababu, volkano haina mchezo. Lakini wakati wanazungumza, watu walikuwa wamekwisha kurudi. Walirudi ndani ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto chini ya viatu. Mwenye parseli alitafuta alama: pembe ya ukuta, ncha ya mti, ili ajue parseli yake iko wapi chini ya lile jiwe jeusi. Akapigilia mbao nne, akaweka manjanja ao bashe juu, akaanza kuuza. Wengine walivunja lile jiwe kwa nyundo na kulifanya ukuta, njo mana leo kuta nyingi za Goma ni nyeusi. Tulijenga kwa kitu kile kile kilichotubomolea.

Basi tujiulize swali la kweli la mtu anayesoma mipango ya miji: nani alifufua katikati ya Goma? Misaada ilikuja, na isisemwe haikuja. Barabara kubwa zilipasuliwa juu ya mawe kwa mashine ambazo mama wa Birere hana. Pesa za mashirika ya kigeni zilipandisha bei ya nyumba zilizo karibu na ziwa, pesa za madini zikapandisha etaji. Lakini soko, ule moyo wa kila siku, lilifufuliwa na mtu aliyeweza kuanza na pesa kidogo, kwenye nafasi ndogo, bila kungojea ruhusa. Kama angengojea, tungengojea wote.

Kuna kitabu kimoja ambacho wenzetu waliosoma urbanisme wanakijua: The Death and Life of Great American Cities, cha Jane Jacobs, kilichotoka mwaka 1961. Huyu mama hakuwa na diploma ya urbanisme, wala diploma ya chuo kikuu, jambo ambalo sisi wenye diploma tungelitafakari kidogo. Alikuwa mwandishi wa New York, akiishi Greenwich Village, na alipigana na mpango wa Robert Moses wa kupitisha barabara kubwa ya magari kusini mwa Manhattan. Barabara ile haikujengwa. Ndani ya kitabu anasema mtaa unaoishi unaomba vitu vinne: kazi za namna mbalimbali pahali pamoja, vipande vya mtaa vifupi, majengo ya umri tofauti, na watu wa kutosha.

Inaomba tumsome kwa akili. Yeye mwenyewe alionya kwamba anaandika juu ya miji mikubwa na kwamba mtu asichukue maneno yake na kuyabandika juu ya miji midogo. Kwa hiyo sitachukua vyote. Nitachukua kile cha tatu tu, majengo ya umri tofauti, juu ninaona ndani yake jambo ambalo mipango yetu haijaelewa.

Hoja yake ni ya hesabu. Jengo jipya lina deni. Mwenye jengo anaomba kodi ya kulipa lile deni, kwa hiyo anayeweza kuingia ni yule ambaye faida yake ni ya hakika: benki, kampuni ya simu, hoteli, shirika la kigeni. Jengo la zamani deni lake lilikwisha kulipwa. Kodi yake ni ndogo, na ndani yake anaweza kuingia mshonaji, mtengeneza redio, mama wa mgahawa, kijana mwenye wazo ambalo bado halijaleta franga. Mji usiokuwa na nyumba za bei ndogo hauna pahali pa mtu kuanzia. Utakuwa na maduka makubwa leo, na kesho hautakuwa na wa kuwarithi.

Sasa tuilete hoja hii Goma. Moto wa volkano ulichukua majengo mengi ya zamani ya katikati kwa siku moja. Kwa hesabu ya Jacobs, mji wetu ungelibaki bila pahali pa kuanzia. Haikuwa hivyo, na hapa njo ninaona upungufu wa kitabu chake kwetu. Kazi ambayo kule New York inafanywa na jengo la miaka themanini, hapa inafanywa na nyumba ya mbao ya miaka mitatu. Mbao ni "jengo la zamani" la Goma. Ni ya bei ndogo, fundi anaisimamisha kwa siku chache, ukishindwa unaing'oa na kuiuza. Anayeiita takataka hajui kazi inayofanya. Birere yote, pale karibu na mpaka ambapo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka kwa miguu kila siku, ilisimama juu ya hesabu hiyo: kodi ndogo, mteja mlangoni, mzigo unafika kwa chukudu.

Ninajua hesabu hiyo kutoka nyumbani. Mama mdogo wangu alikuwa na kioski ya mbao, mita mbili kwa mita moja na nusu. Aliuza unga, mafuta ya ngazi, sabuni na chumvi. Mbele ya mlango alimwachia kambista mmoja nafasi ya meza, na yule kambista alikuwa anamlindia kioski akienda kusali. Ile kioski ilisomesha watoto wawili mpaka chuo kikuu, na mmoja njo huyu anayewaandikia. Siku moja wakaja watu wa biro moja, wakapiga msalaba mwekundu juu ya mbao, wakasema siku tatu. Barabara itapanuliwa. Hakuna aliyemuuliza kitu, hakuna aliyemwonyesha pahali pengine. Alikuwa analipa tiketi ya soko kila siku, karatasi alizifunga kwa mpira ndani ya mkebe wa maziwa, akadhani karatasi zile ni haki. Aliwaonyesha. Wakamwambia: "Mama, hii ni ya kuuza, haiko ya kukaa." Barabara ilipanuliwa. Leo pale palipokuwa kioski panapaki magari.

Sisemi barabara ilikuwa mbaya. Ninasema mpango ulihesabu mita za gudro na haukuhesabu kioski, kwa hiyo kwenye karatasi ulionekana hauna gharama. Gharama ilikuwako, ila aliilipa yeye peke yake.

Kwa nini iko rahisi hivyo kumwondoa mtu? Wanasheria wetu watanisahihisha, lakini mzizi ninauona kwenye sheria mbili. Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya leta peke yake, raia anapewa tu haki ya kuutumia, na haki hiyo ina karatasi yake. Mwenye kioski hana karatasi hiyo, ana tiketi za soko. Na mambo ya kupanga miji, kwa miaka mingi baada ya uhuru, yaliendelea kusimama juu ya dekreti ya tarehe 20 Juni 1957. Mwone mwaka wenyewe. Ni wakati mji wa Mzungu ulikuwa kwake na mtaa wa Mwafrika kwake, na Mwafrika aliingia "ku ville" kwa kazi, jioni akarudi. Wazo la katikati ya mji kama pahali safi ambapo mtu mdogo anapita lakini hakai, halikuanza na ofisa wetu wa leo. Amelirithi pamoja na meza yake. Ongeza kwamba meya wetu tumezoea kumwona anateuliwa kutoka juu, na Mei 2021, serikali ilipotangaza hali ya kuzingirwa Kivu ya Kaskazini, nafasi hizo zilipewa wanajeshi na polisi. Mama wa kioski atamlilia nani? Hakumpigia kura, hawezi kumnyima kura.

Sasa upande wa pili, juu ukosoaji usiojikosoa ni kelele tu. Wanaotaka kubomoa wana hoja moja nzito, na hoja hiyo ni moto. Birere inaungua. Inaungua mara nyingi, kila mkaaji wa Goma amekwisha kuona ule moshi. Mbao zimebanana, waya za umeme zimefungwa ovyo, mafuta ya kadafi yamewekwa ndani ya bidoni karibu na jiko la makala, na gari la kuzima moto, likifika, halina pa kupitia. Usiku mmoja familia nyingi zinapoteza kila kitu. Mtu aliyefiwa na mtoto ndani ya moto hawezi kufarijiwa na Jane Jacobs. Macho mengi ya watu mtaani yanazuia mwizi, hayazuii petroli.

Kwa hiyo siwezi kusema "acheni vile ilivyo". Ninayesifu mbao za Birere ninalala pengine, ndani ya nyumba ya mawe. Lakini tazameni dawa inayotolewa. Mtaa unaungua juu hauna njia ya gari la zimamoto, hauna bomba la maji, hauna waya nzuri. Dawa ya hayo ni njia, bomba na waya. Kubomoa kioski zilizo kando ya barabara kubwa, ambako gari la zimamoto linafika tayari, hakuzimi moto wa ndani. Kunasukuma watu waingie zaidi kule ndani, wabanane zaidi. Mwaka unaofuata moto unakuta chakula kingi.

Kama ningepewa saa moja mbele ya wanaochora, ningewaomba mambo manne, na hakuna hata moja linaloshinda bei ya rompwe.

La kwanza, njia ya chukudu. Barabara zinazoingia sokoni zipewe ukanda wa pembeni wa chukudu, na pale zinapofika pawe na uwanja wa kushushia mizigo, wenye maji na kivuli. Nusu ya fujo tunayolalamikia asubuhi ni chukudu na magari kugombania pahali pamoja.

La pili, njia za zimamoto ndani ya Birere, zipimwe pamoja na wenye kukaa pale. Wao njo wanajua ukuta gani unaweza kurudishwa nyuma mita moja bila kumfukuza mtu. Anayepoteza sehemu apewe nafasi ndani ya kartie ile ile, asipelekwe kilomita kumi ambako hakuna mteja.

La tatu, vyumba vidogo vya mawe, vya kupangisha kwa bei ya kioski. Mawe tunayo, volkano ilituletea bure, na mafundi wa kuyachonga tunao. Mama aingie ndani ya chumba kisichoungua bila kodi yake kuruka. Soko likijengwa zuri halafu nafasi zikagawiwa kwa wenye pesa, tutakuwa tumerudia kosa kwa saruji. Na soko hilo liwe na vyoo na maji. Ni aibu mji ulio kando ya ziwa, ambao watu wake wanachota maji ziwani kwa bidoni, uanze ufufuo wake kwa taa za rangi.

La nne, tiketi ya kila siku iwe na uzito. Mtu aliyelipa mwaka mzima ahesabiwe kuwa wa pahali pale. Aambiwe mbele ya wakati, asikilizwe, na akiondolewa alipwe. Hili linaomba wanasheria wetu zaidi ya maenjinia.

Kuna atakayesema: unapanga soko wakati volkano iko pale pale. Ni kweli. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena na kusimama karibu kabisa na uwanja wa ndege, siku chache nyuma yake sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, tukatembea kwenda Sake na mabegi kichwani. Ninajibu kwamba hiyo ni sababu nyingine ya kutopoteza pesa zetu kwenye vitu vya kutazamwa. Mji ambao unaweza kuanza upya kila miaka ishirini inaomba ulinde kwanza wale wanaojua kuanza upya. Mwaka 2002 hawakuwa wenye vioo.

Ile sanamu isibomolewe. Tumebomoa vya kutosha. Lakini wandugu, kati yenu mliosoma na mnaoshika kalamu ya kusaini, ninaomba jambo moja dogo. Mbele ya kusaini mchoro ujao, muende asubuhi moja kwa miguu, msimame pale rompwe ya Chukudu, mfuate chukudu moja ya mbao mpaka mzigo wake uishe. Muandike kila pahali iliposimama, nani alinunua, nani aliisimamisha, pesa ngapi zilitoka. Kisha mrudi biro na muangalie kama mchoro wenu una nafasi ya ile chukudu. Kama haina, msisaini.

Mama mdogo wangu bado anauza. Sasa anauza ndani ya beseni, anatembea nayo, juu beseni halipigwi msalaba mwekundu. Ana miaka sitini na mbili. Ule mkebe wa maziwa bado yuko nao, tiketi zote ziko ndani, na kila nikimtembelea ananiuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hizi karatasi hazina kazi kweli?" Sijapata jibu la kumpa. Nimeuleta ulizo wake hapa, kwa wote wenye diploma.